Wayward Strand: hatimaye gemu yenye Waaustralia ninaowajua

Wiki yangu ya pili kazini, muuguzi mmoja kijana alinituma nipeleke chai kwa Ellen. Nikasikia Alan. Nikabeba kikombe hadi chumba cha mwisho kabisa, nikamkabidhi Mzee Alan, naye akanywa na kunishukuru sana, huku Bibi Ellen akikaa na kiu yake mpaka saa tano. Masikio yangu hayakuwa na kasoro. Hapa Victoria, jimbo la kusini mashariki mwa Australia, hasa kwa vijana, irabu "e" ikisimama mbele ya "l" hufunguka ikawa karibu na "a". Jina la mji wenyewe, Melbourne, wengi hulitamka kama "Malben", na "celery", ile mboga ya mashina ya kijani, hutoka mdomoni mwao sawasawa na "salary", yaani mshahara.

Huu ni mwaka wangu wa 9 katika nyumba ya kutunzia wazee, magharibi mwa Melbourne. Kiingereza cha Australia nimekiokota vyumbani: kwa wazee wa miaka 80 na 90 na ushei, kwa wauguzi, kwa wapishi, kwa madereva wa ambulensi. Nyumbani naishi na mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 16 aliyezaliwa hapahapa, na yeye ni mtu wa gemu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikipika huku nyuma yangu spika zinanguruma, na kila mhusika Mwaustralia anapofungua mdomo, mimi huacha mwiko nikasikiliza. Mara nyingi nimerudi kwenye sufuria nimeudhika. Safari hii nilizima jiko, nikakaa chini, nikamwomba pedi ya kuchezea.

Gemu yenyewe ni Wayward Strand, ya studio ya Ghost Pattern ya hapa Melbourne, iliyotoka Septemba 2022. Hadithi iko mwaka 1978. Binti wa miaka 14, Casey Beaumaris, anapanda meli ya angani iliyogeuzwa hospitali, inayoelea juu ya pwani ya Victoria. Mama yake ni muuguzi humo. Casey ana daftari, ana hamu ya kuwa mwandishi wa habari, na ana siku 3 za kukaa na wazee waliolazwa. Hakuna bunduki wala adui. Unabisha hodi chumba hiki, unakaa, unauliza, unatoka, unabisha kingine. Saa inatembea yenyewe, na kila mtu melini anaendelea na shughuli zake uwepo usiwepo, kwa hiyo ukikaa na huyu, ya yule yanakupita. Picha zimechorwa kwa mkono kama za kitabu cha watoto, na meli imeonyeshwa kwa ubavu uliokatwa, hata unaviona vyumba vimepangana kama rafu za kabati.

Mazungumzo yote yamesemwa kwa sauti, na waliosema ni waigizaji wa Australia. Hapo ndipo nataka kukaa kitambo.

Jambo la kwanza lililonigusa ni herufi ambayo haipo. Mwaustralia haitamki "r" iliyo mwishoni mwa neno. "Car" ni "kaa", "here" ni "hia". "Water" ni "wora", na hiyo "r" unayoisikia katikati ni "t" iliyolegea ulimi. Mwigizaji wa nje anayeiga anaweza kuibana "r" yake sentensi kadhaa, halafu mhusika wake akikasirika au akianza kulia, "r" inaponyoka. Mtoto wa kaka yangu anaidaka kabla yangu. Hata kichwa hainui, anasema tu, "Shangazi, huyo si wa hapa." Katika Wayward Strand alipita nyuma yangu akiwa na bakuli la nafaka, akasimama, akasikiliza maongezi mazima ya Casey na bibi mmoja, kisha akaenda zake bila neno. Kwangu huo ulikuwa mtihani uliofaulu.

Jambo la pili ni mkondo wa sentensi. Waaustralia wengi, hasa wanawake na vijana, hupandisha sauti mwishoni mwa taarifa ya kawaida, na hili linatusumbua sana sisi tuliokulia katika Kiswahili. Kwetu "Amekula" na "Amekula?" zinatofautiana kwa sauti peke yake, hatuna neno lazima la kuonyesha swali. Kwa hiyo miezi yangu ya kwanza, muuguzi akiniambia kwamba bibi fulani ameshapata chakula, mimi nilikuwa namjibu, "Sijui, ngoja niangalie." Alikuwa haniulizi, alikuwa ananiarifu. Ilinichukua muda kujifunza kwamba kule kupanda ni namna ya kumshika msikilizaji mkono, kuhakikisha mko pamoja. Casey anapoongea na watu wazima nausikia mpando huo ukija na kuondoka kulingana na anavyojiamini. Akiwa na hofu ya kumsumbua mgonjwa, sentensi inapanda. Akishazoea chumba, inatua. Kitu kama hicho huwezi kukiandika kwenye karatasi ya mwigizaji. Lazima kiwe ndani yake tangu utotoni.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike haya. Miaka ya 1960 wanaisimu A. G. Mitchell na Arthur Delbridge walichunguza matamshi ya vijana wa Australia, wakayagawa mafungu matatu: lafudhi pana, lafudhi ya kawaida, na lafudhi ya kisomi iliyokaribia ya Uingereza. Ukitembea Melbourne leo, wengi utakaokutana nao wako katika fungu la kati. Hiyo ya kisomi naisikia kwa baadhi ya wazee tu, hasa waliosoma shule za kulipia zamani. Nina bibi mmoja wa miaka 93 ambaye mgeni akimsikia humuuliza ametoka Uingereza lini, naye amezaliwa Ballarat, mji wa hapahapa Victoria. Na ile pana ipo, ni ya kweli, ina watu wake na heshima yake. Lakini ukisikiliza gemu za dunia utadhani Australia nzima ni hiyo pana, tena iliyokunywa pombe na kushika bomu.

Wayward Strand imeelewa kwamba katika wodi moja mafungu yote matatu hulala jirani. Wazee wake hawasemi kwa namna moja. Mmoja anavuta irabu polepole, mwingine anazikata kwa meno kama mwalimu mkuu, na wauguzi wana mwendo wa mtu mwenye kazi nyingi: sentensi fupi, konsonanti zimemezwa, upole umo katika sauti ingawa maneno ni makavu. Nimefanya kazi na wauguzi hao.

Sisi watu wa mwambao tunayajua machungu ya kuigizwa vibaya. Mtu akitaka kumwigiza mtu wa pwani hutia "yakhe" kila baada ya maneno matatu, akavuta sauti kama mlevi wa usingizi, na watu wakacheka. Mama yangu hajawahi kusema hivyo maisha yake yote. Kwa hiyo nikisikia mhusika Mwaustralia akitupa "mate", neno la Kiingereza la kumwita mtu rafiki, mwishoni mwa kila sentensi, ninajua kinachoendelea. Wazee wangu hutumia "mate" kwa hesabu. Ipo ya upendo, ipo ya kuonya, na ipo ile fupi ya kumwambia mtu kimya kimya kwamba amevuka mpaka. Inatamkwa karibu na "mait", na urefu wa irabu ndio unaokuambia ni ipi kati ya hizo.

Nitaje basi gemu nyingine nilizozisikia nikiwa jikoni, maana Wayward Strand haieleweki uzuri wake bila hizo.

Kano wa Mortal Kombat ndiye chanzo cha mengi. Gemu ilipoanza mwaka 1992 hakuwa Mwaustralia. Ikaja filamu ya mwaka 1995, na nafasi yake ikachezwa na Trevor Goddard, Mwingereza, aliyempa Kano lafudhi iliyochukuliwa kuwa ya Australia. Ikapendwa, na gemu zilizofuata zikamgeuza Kano Mwaustralia moja kwa moja. Yaani mmoja wa Waaustralia wanaojulikana zaidi katika gemu za ngumi alizaliwa na koo la Mwingereza. Ukijua hilo, unaelewa kwa nini wengi waliomfuata wana sauti ya mtu wa mitaa ya London aliyeachwa juani.

Sniper wa Team Fortress 2, gemu ya mwaka 2007, anasemewa na John Patrick Lowrie, Mmarekani. Namheshimu kwa uigizaji: ana utulivu wa mtu aliyekaa porini peke yake siku nyingi, na utulivu huo ni wa Australia kuliko irabu zake, ambazo husafiri kidogo. Baadaye katuni za gemu hiyo zilisema mhusika huyu asili yake ni New Zealand. Kwa masikio yangu hilo halisaidii, kwa sababu New Zealand ni kitu kingine kabisa. Mtu wa New Zealand akisema "fish" irabu inarudi nyuma ya mdomo, karibu na "fash". Mwaustralia anaisukuma mbele, karibu na "fiish". Jirani zangu wawili, mmoja wa Auckland, New Zealand, na mmoja wa Geelong ya hapa Victoria, wamegombana juu ya neno hilo kwenye ukuta wa uani nikiwasikia.

Apex Legends imelipata hilo sawasawa. Fuse, aliyeingia mwaka 2021, ana sauti ya Ben Prendergast, Mwaustralia. Mad Maggie, aliyemfuata mwaka 2022 na ambaye hadithi inasema wamekua pamoja, ana sauti ya Nicola Kāwana wa New Zealand. Wakirushiana maneno unaisikia Bahari ya Tasman, ile inayozitenganisha nchi hizo mbili, katikati yao. Fuse ni mtu wa makelele na mabomu, ni ile Australia pana niliyoisema, lakini ni pana ya kweli. Akishusha sauti, bado ni Mwaustralia. Huo ndio mtihani wangu: mshushe sauti. Kelele huficha mengi, na mnong'ono hauna pa kujificha.

Overwatch ya mwaka 2016 ilituletea Junkrat, anayesemewa na Mmarekani Chris Parson. Kijana wangu anampenda na mimi sitaki kumnyang'anya furaha yake. Ila Junkrat hanong'oni kamwe. Anacheka, anapiga kelele, analipua, na lafudhi yake inaishi ndani ya kicheko kile. Mwaka 2022 akaja Junker Queen, sauti ya Leah de Niese, Mwaustralia, na nyumbani kwetu tofauti ilisikika siku hiyohiyo. Anatisha, anajigamba, lakini "no" yake inafanya kile ambacho "no" ya hapa hufanya: inaanza karibu na "na", inapita kwenye "o", inaishia ulimi ukielekea "i". Nilijaribu kuisema mwaka mzima mbele ya kioo nikashindwa.

Mad Max ni kisa cha kusikitisha kilichoishia vizuri. Gemu ilipoonyeshwa mwaka 2013, Max alizungumza Kimarekani. Max! Mhusika wa filamu za Australia, ambaye mavumbi ya huku ndiyo damu yake. Mashabiki wakapaza sauti, wakaanzisha ombi la kukusanya saini, na Avalanche Studios, ambao ni watu wa Sweden, wakasikiliza na kubadili. Ilipotoka mwaka 2015 Max alikuwa na sauti ya Bren Foster, aliyekulia Australia. Nalisema hili kwa kila anayedhani kulalamikia lafudhi ni kupoteza muda.

Iliyonishangaza kwa uzuri ni Mass Effect 2 ya mwaka 2010. Miranda Lawson anasemewa na Yvonne Strahovski, aliyezaliwa Sydney kwa wazazi kutoka Poland. Yuko ndani ya chombo cha angani, ana kazi kubwa, ana akili kali, na anaongea lafudhi ya kawaida ya Australia, basi. Hakuna anayemuuliza kuhusu kangaruu. Nilikaa kwenye kochi nikimsikiliza kijana akipita ukurasa baada ya ukurasa wa maongezi, nikamwambia asiruke hata moja.

Na ipo Borderlands: The Pre-Sequel ya mwaka 2014, iliyotengenezwa Canberra na 2K Australia, studio iliyofungwa mwaka uliofuata. Hawa walifanya jambo la ujasiri. Walichukua mwezi mzima wa angani uitwao Elpis wakaujaza Waaustralia, kuanzia fundi hadi mwizi. Janey Springs, mwenye karakana ya vyuma chakavu ambaye huwaandikia watoto hadithi, ana uchangamfu ninaoujua kutoka kwa wanawake wa jikoni kwetu: anaongea haraka, anakujali, hakupi nafasi ya kumshukuru. Kuna hata bunduki inayotukana, Boganella, na jina lake limetokana na "bogan", neno la hapa la mtu wa mtaani asiye na adabu za kisomi. Vichekesho vingi ndani yake ni vya Waaustralia wakichekana wenyewe, na hilo linasikika. Mtu akijicheka mwenyewe anajua mpaka uko wapi. Wangeweza kupunguza misimu robo nzima, kwa maoni yangu, maana mara nyingine kila neno linapeperusha bendera. Lakini sauti ni za kweli, na nasikitika studio ile haikuishi kutupa ya pili.

Sasa nirudi kwenye Wayward Strand, kwa sababu hata Pre-Sequel haikunipa hiki. Humu hakuna anayejitambulisha kuwa Mwaustralia. Watu wanazungumza juu ya ugonjwa, juu ya watoto wasiokuja kuwaona, juu ya chai, juu ya nani alilala wapi, na lafudhi imekaa tu kama rangi ya ukuta. Kuna wakati Casey anakaa na mzee asiyetaka kuongea. Sekunde zinapita. Mzee anatoa sauti ndogo ya kooni, ile "mm" ya Waaustralia ambayo ni ndiyo, na ni hapana, na ni niache. Nilishika pedi nikagundua nimeinama mbele kama ninavyoinama kitandani kwa mtu. Nimeisikia "mm" ile mara elfu. Sikuwahi kufikiri nitaisikia ndani ya gemu.

Kuna mambo ya kukutahadharisha. Mwendo ni wa pole, na mtu aliyezoea kukimbia na kupiga atachoka. Kijana wangu alijaribu dakika 20 akanirudishia pedi kwa heshima zote. Utajikuta unasubiri mtu amalize kulala au atoke bafuni, na kwa kuwa saa haikungoji, utakosa mambo uliyoyataka. Mimi hilo halikunisumbua, zamu zangu ndivyo zilivyo. Ila usinunue ukitarajia msisimko.

Na kuna pengo ambalo si la gemu hii peke yake. Mtoto wa kaka yangu ana lafudhi ya Melbourne tupu. Ukimsikia kwenye simu bila kumwona utamchora unavyomjua Mwaustralia wa kwenye televisheni. Rafiki zake ni wa asili ya Vietnam, Lebanon, Sudan Kusini, India, na kila mmoja ana "no" ileile iliyonishinda mbele ya kioo. Nimesikiliza gemu nyingi nikiwa jikoni na bado sijamsikia kijana kama yeye akipewa sauti yake mwenyewe, ya hapa, bila kuombwa aongeze lafudhi ya "Afrika". Vivyo hivyo Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, ambao Kiingereza chao kina mdundo wake na maneno yake, na ambao ardhi hii ilikuwa na lugha zao zaidi ya 250 kabla ya meli za Waingereza. Jangwa lao limetumika kama mandhari mara nyingi, na sauti zao mara chache mno. Nikipata gemu inayoyafanya hayo kwa uangalifu wa Wayward Strand, nitaondoka kazini mapema kuicheza.

Kama unataka kuijaribu, ipo kwenye kompyuta, Switch, PlayStation na Xbox. Tumia visikilizi, si spika za televisheni, kwa sababu nusu ya raha iko katika sauti ndogo. Washa manukuu siku ya kwanza ya hadithi, kisha siku ya pili yazime uone masikio yako yanakufikisha wapi. Ukikwama kwenye neno, mara nyingi ni "r" iliyokwenda likizo au irabu iliyosogea hatua moja. Lirudie kwa sauti kwa tahajia ya Kiswahili na litafunguka. Mimi nilikuwa na daftari pembeni kama Casey mwenyewe.

Nimeimaliza mara moja na nimeanza tena. Raundi ya kwanza nilikaa sana na bibi mmoja aliyenikumbusha Ellen, nikampita mzee wa chumba cha jirani kila siku bila kubisha, nikisema nitarudi. Sasa niko siku ya kwanza, asubuhi, na nimeanzia kwake.